Jinsi ya Kuhakikisha Dawa na Vifaa Tiba Havikatiki Mlipuko wa Ugonjwa Unapovuka Mto Ruvuma

Mwongozo huu unawahusu waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wafamasia wa halmashauri na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo katika mikoa ya Mtwara na Lindi, hasa wale wanaohudumia vijiji vilivyo jirani na Msumbiji. Mengi yanayoandikwa kuhusu dharura za afya zinazovuka mipaka huzungumzia wizara, mashirika ya kimataifa na mikataba, nayo yana nafasi yake. Hata hivyo, mgonjwa wa kipindupindu anayefikishwa zahanati kwa bodaboda saa nane za usiku ataokolewa na chupa za dripu zilizomo stoo usiku huohuo, si na zile zitakazoidhinishwa wiki ijayo. Kwa sababu hiyo maelezo yanayofuata yanaanzia stoo ya kituo na kupanda juu, na yamejengwa juu ya hoja moja: tunaagiza kwa idadi ya watu walioandikishwa katika eneo letu, ilhali tunatibu watu wote wanaofika. Pengo kati ya idadi hizo mbili ndilo linalomaliza dawa mapema, na linaweza kukadiriwa kabla mlipuko haujatokea.

Kadiria watu wanaofika

Kuanzia Kilambo, upande wa pwani, hadi Mtambaswala wilayani Nanyumbu, ambako Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, Wamakonde, Wamakua na Wayao wana ndugu ng'ambo zote mbili za Ruvuma, wapo wanaolima upande mmoja na kulala upande mwingine, na mitumbwi huvuka penye vivuko rasmi na pasipo rasmi. Upande wa pili zipo wilaya za Palma, Nangade na Mueda katika jimbo la Cabo Delgado, ambako mapigano yaliyoanza Oktoba 2017 yamewahamisha watu wengi na kudhoofisha huduma za afya. Kimbunga Kenneth kilipolipiga jimbo hilo mwishoni mwa Aprili 2019, mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa huko siku chache tu baadaye. Mtu aliyekimbia makazi yake, akakosa maji safi na huduma ya karibu, hutafuta tiba kwa ndugu aliye ng'ambo, na ndugu huyo humpeleka kwenye zahanati anayoijua yeye.

Anza na rejista ya wagonjwa wa nje ya miezi 12 iliyopita, utazame safu ya makazi. Utakuta majina ya vijiji vya ng'ambo, lakini usiridhike na hesabu hiyo peke yake, kwa kuwa wagonjwa wengi hutaja kijiji cha mwenyeji wao wa upande huu kwa kuogopa kuulizwa vibali. Waulize wenyeviti wa vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wavushaji wa mitumbwi ni siku zipi za gulio watu huvuka kwa wingi, ni miezi gani wakulima hukaa ng'ambo, na ni kaya ngapi zimepokea wageni. Linganisha majibu yao na rejista, kisha andika kadirio moja la watu unaowahudumia kweli, ukieleza kwa maandishi ulivyolipata, ili mfamasia wa halmashauri aweze kulitetea mbele ya timu ya uendeshaji wa huduma za afya. Ninasisitiza jambo moja hapa: uraia usiulizwe mezani pa kutoa dawa. Swali hilo halimtibu mtu, na habari zikishaenea kwamba zahanati inauliza karatasi, wagonjwa watajificha majumbani na wewe utapoteza wagonjwa pamoja na takwimu zako.

Kadirio hilo haliwezi kusimama ikiwa wastani wa matumizi wa mwezi una kasoro, na kasoro ya kawaida ni kusahau siku ambazo dawa haikuwepo. Tuseme kituo kimetumia dozi 300 za dawa mseto ya malaria katika siku 60, lakini siku 20 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu. Anayegawa 300 kwa miezi miwili atapata 150 kwa mwezi, na ataagiza upungufu uleule. Hesabu sahihi hugawa 300 kwa siku 40 ambazo dawa ilikuwepo, kisha huzidisha kwa 30, na jibu ni 225. Fanya hivyo kwa kila dawa muhimu kabla ya kujaza ripoti na maombi, kwa sababu akiba yoyote ya dharura inayowekwa juu ya wastani wenye kasoro italiwa na mahitaji ya kila siku.

Hesabu ya kipindupindu, chupa kwa chupa

Nimechagua kipindupindu kwa sababu ndicho kinachoua kwa saa chache na ndicho ambacho vifaa vyake ni rahisi kuhesabiwa. Mtu mzima mwenye kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji mililita 100 za Ringer, yaani maji ya dripu yenye chumvi, kwa kila kilo ya uzito wake: mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, na 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hiyo ni lita 5 ndani ya saa tatu, yaani chupa 10 za nusu lita. Zahanati yenye chupa 6 haina tiba ya mtu mmoja, hata kama kadi ya stoo inaonyesha kwamba dawa ipo. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kiasi kwa kilo ni kilekile, lakini hutolewa polepole zaidi, saa moja kwa sehemu ya kwanza na saa tano kwa ya pili.

Kwa kupanga, makadirio yanayotumika sana ni kwamba mgonjwa mmoja kati ya watano atahitaji dripu, na kwamba kila anayehitaji atatumia lita 8 hadi 10 mpaka apone. Ikiwa timu yako imekadiria wagonjwa 100, basi 20 watahitaji dripu, na kwa kiwango cha chini cha lita 8 kila mmoja utahitaji lita 160, sawa na chupa 320. Zingatia uzito wake: ni zaidi ya kilo 160 kabla hujahesabu katoni, mzigo ambao pikipiki ya kituo haiwezi kuubeba kwa safari moja, na ambao kwenye barabara ya udongo iliyolowa utahitaji gari lenye nguvu. Hesabu ya chupa iende sambamba na seti za dripu na kanula, yaani mirija midogo inayoingizwa kwenye mshipa. Agiza kanula kubwa za geji 18 kwa watu wazima na ndogo za geji 22 na 24 kwa watoto, tena zaidi ya idadi ya wagonjwa, kwa kuwa mshipa wa mtu aliyekauka maji haupatikani kwa jaribio moja kila mara.

Kwa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji na kunywewa, panga pakiti 10 za lita moja kwa kila mgonjwa, na soma pakiti kabla ya kuandika idadi. Zipo pakiti za lita moja na zipo za nusu lita, na aliyeagiza 1,000 akitegemea za kwanza akaletewa za pili amepata nusu ya alichokusudia. Kosa la kuzichanganya ni baya zaidi kwa mgonjwa, kwani pakiti ya nusu lita ikitiwa katika lita nzima inakuwa nyepesi mno, na ya lita moja ikitiwa katika nusu lita inakuwa na chumvi ya kudhuru. Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka 5 wawekewe zinki ya miligramu 20 kwa siku kwa siku 10. Doksisaiklini, antibiotiki ambayo hutolewa kama dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima, ni nyongeza inayofupisha ugonjwa. Fedha zikiwa haba, nunua maji ya dripu na ORS kwanza.

Klorini ndiyo husahaulika, pengine kwa kuwa haikai kwenye rafu ya dawa. Ukiwa na unga wenye nguvu ya asilimia 70, ndoo ya lita 20 ya kunawia mikono, yaani asilimia 0.05, inahitaji karibu gramu 14. Ndoo ya kusafishia sakafu na vitanda kwa asilimia 0.2 inahitaji karibu gramu 57. Ya asilimia 2, inayotumika kwa vinyesi, matapishi na miili ya waliofariki, inahitaji karibu gramu 570. Utaona kwamba ndoo moja ya mwisho inakula unga wa ndoo 40 za kunawia mikono, kwa hiyo anayekadiria klorini kwa kutazama ndoo za mlangoni ataishiwa mapema. Unga huo utunzwe pakavu, ndani ya chombo cha plastiki kilichofungwa vizuri, mbali na dawa na mbali na chuma, kwa sababu mvuke wake hula mabati na kuharibu vifungashio. Maji yaliyochanganywa yatengenezwe upya kila siku.

Vituo vya uwanda wa Makonde, kama vile vya Newala na Tandahimba, vina tatizo la ziada: hesabu yote hii inadai maji, na maji huko hupandishwa kwa mashine kutoka bondeni. Tangi la kituo, mapipa, na makubaliano na mwenye gari la maji vihesabiwe kuwa vifaa tiba na viandikwe kwenye mpango uleule.

Kwa maoni yangu, kila zahanati iliyo ufukweni mwa Ruvuma iwe na akiba ya kutibu watu wazima wawili walio mahututi mpaka wapone, yaani lita 20 za Ringer au chupa 40 pamoja na seti zake, na kiasi kilichobaki kikae kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya inayofikika mvua ikinyesha. Kusambaza kila kitu zahanati kunaleta hasara ya dawa kuisha muda, na kulimbikiza kila kitu wilayani kunawaacha wagonjwa wa usiku wa kwanza bila kitu.

Magonjwa mengine yana hesabu yake. Virusi vya Marburg vilivyotokea Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025 vilitukumbusha kwamba mavazi ya kujikinga huhesabiwa kwa idadi ya mara ambazo mhudumu anaingia wodi ya waliotengwa, si kwa idadi ya wahudumu. Watu wanne wakiingia mara tatu kwa siku ni seti 12 kila siku, na wiki tatu zinahitaji seti 252.

Fuata kalenda ya kusini

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Msimu wa korosho huanza kabla kidogo, na kuanzia Oktoba malori ya ukanda huu huwa na kazi ya kupeleka korosho ghalani na bandarini Mtwara. Anayetafuta lori la dharura Desemba analitafuta wakati malori ni ghali na barabara za vijijini zinaanza kuharibika. Kwa hiyo akiba ya dharura ifike vituoni kabla ya mwisho wa Oktoba, na maombi yake yapelekwe miezi kadhaa kabla ya hapo. Kalenda hiyohiyo ina neema yake: ushuru wa korosho huingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri katika msimu huo, na huo ndio wakati wa kuweka fungu la dharura za afya la mwaka unaofuata, kabla fedha hazijaelekezwa kwingine. Mjumbe wa kamati ya kituo anayemfahamu diwani wake vizuri anaweza kulisukuma jambo hili kuliko barua nyingi za kitaalamu.

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ina takriban kilomita 560, na ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya bidhaa zetu. Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, mawasiliano yalikatika eneo la Somanga mkoani Lindi, na kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Andika mapema njia mbadala tatu na gharama zake: barabara ya kuzunguka Iringa, Songea, Tunduru na Masasi, meli hadi bandari ya Mtwara, na ndege kwa vitu vyepesi kama vipimo na chanjo. Ringer haifai kupandishwa ndege kwa uzito wake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka karibu mapema. Bohari ya Dawa ina kanda yake Mtwara, na mfamasia wa halmashauri afuatilie kiasi kilichopo ghalani hapo tangu mwezi Agosti, badala ya kungoja ajibiwe kwamba bidhaa haipo siku anayoihitaji.

Kuagiza dharura inapotangazwa

Mgonjwa wa kwanza anayeshukiwa akipatikana, toa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo na uambatanishe hali ya stoo: kilichopo, kinachotumika kwa siku, na siku zilizobaki kabla hakijaisha. Ombi lisemalo tu kwamba tunaomba dawa haraka halimsaidii anayegawa bidhaa chache kwa wilaya nyingi, lakini ombi lisemalo kwamba Ringer iliyopo itatosha siku mbili linampa sababu ya kukutanguliza. Maombi ya dharura hayangoji mzunguko wa kawaida wa kuagiza. Bohari ya Dawa ikikosa bidhaa, pata uthibitisho wa maandishi wa kukosekana kwake na utumie utaratibu wa Mshitiri, ambao ulianza Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenezwa nchi nzima, kununua kwa msambazaji aliyeidhinishwa. Hakikisha kabla ya msimu kwamba mkataba wa Mshitiri uko hai na kwamba bei za Ringer, kanula na klorini zimo kwenye orodha yake.

Soko la dunia halitegemeki wakati nchi nyingi zinahitaji kitu kimoja. Machi 2020, mwanzoni mwa janga la korona, India ilizuia kwa muda usafirishaji wa malighafi na dawa kadhaa, parasetamoli ikiwemo, na sisi hutegemea sana dawa zinazotoka huko. Chanjo ya kipindupindu nayo hutoka kwenye akiba ya dunia inayoombwa na serikali, na tangu Oktoba 2022 uhaba umefanya kampeni za kukabili milipuko zitumie dozi moja badala ya mbili. Andaa nafasi kwenye majokofu ya nyuzi 2 hadi 8, lakini usipunguze oda ya dripu kwa matumaini ya chanjo.

Misaada, na bidhaa zinazovuka mpaka

Msaada usioombwa unaweza kuwa mzigo. Kabla ya kupokea, mtake mtoaji aandike jina halisi la dawa, nguvu yake, kiasi na tarehe ya kuisha muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa kutumika zinapofika nchini, na dawa zinazoingia zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na taratibu za forodha. Jamaa mwema anayevusha katoni kwa mtumbwi, hata kama nia yake ni safi, anakuletea dawa ambayo huwezi kuithibitisha, na lebo za Kireno huongeza hatari ya mtoa dawa kukosea nguvu au kipimo. Usiiingize kwenye leja. Mpigie mkaguzi wa dawa wa halmashauri.

Ombi la kutoka ng'ambo nalo lina njia yake. Mganga mfawidhi hana mamlaka ya kutoa mali ya Serikali kwa nchi nyingine, na dawa zinazopelekwa nje ya nchi nazo zina kibali chake. Nchi zote mbili zinabanwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazotaka tukio lenye sifa ya kuwa dharura ya kimataifa liarifiwe kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa, na mawasiliano ya kusaidiana hupitia mkoa na wizara. Kumbuka pia kwamba Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo makubaliano ya mipakani yaliyofanywa chini ya jumuiya hiyo hayaufikii mto Ruvuma. Jukwaa linalotuunganisha ni SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo mwaka 2018 iliipa Bohari ya Dawa ya Tanzania jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa. Kupitia mkoa, omba kikao na wenzenu wa Palma, Nangade na Mueda wakati wa utulivu, mkubaliane nani anampigia nani. Kwa uzoefu wa mambo ya mpakani, kumtibu mgonjwa aliyevuka ni kwepesi kuliko kuvusha kasha, na ndiyo maana nimeanza na kadirio la wanaofika.

Miongoni mwa wanaofika watakuwemo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU na za kifua kikuu, waliokimbia bila kadi. Dawa mseto ya VVU yenye dolutegravir hutumika katika nchi zote mbili, hivyo kumwendelezea mtu matibabu hakuhitaji bidhaa mpya, kunahitaji idadi yake iongezwe kwenye oda. Mhudumu akimrudisha mtu huyo kwa sababu hana kadi, anavunja tiba ambayo haipaswi kukatika hata siku moja.

Leja mbili

Mlipuko ukiendelea, fungua leja ya pili ya bidhaa za dharura, na rafu yake ikiwezekana, hata kama bidhaa ni ileile. Kuna sababu mbili. Kwanza, matumizi ya mlipuko yakichanganywa na ya kawaida, wastani wa mwezi unavimba, na baada ya miezi michache stoo itajaa Ringer inayokaribia kuisha muda huku fedha za oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, zikiwa zimekwisha. Pili, wadhamini na wakaguzi watauliza kila chupa ilikokwenda, na majibu ya kukumbuka kwa kichwa hayakubaliki. Hesabu ya mkono ifanywe kila jioni kwa Ringer, ORS, kanula, glovu na klorini tu. Vingine vinaweza kuhesabiwa kila wiki. Anayehesabu asiwe yule anayetoa, na takwimu zitumwe wilayani kwa ujumbe wa simu ikiwa mtandao wa mfumo wa kielektroniki umekatika, kisha ziingizwe kwenye mfumo utakaporudi. Dawa inayoisha muda mapema itoke kwanza, hata kama ilipokelewa mwisho.

Mlipuko ukitangazwa kuisha, usiifunge leja ya dharura kabla ya kuhesabu masalia mbele ya mjumbe wa kamati. Bidhaa zenye muda mrefu zirudi kwenye akiba ya msimu ujao, zenye miezi michache zihamishiwe kwa hati kwenye hospitali inayozitumia kwa wingi, kama Mkomaindo, Ligula au Sokoine, na zilizoisha muda zitengwe na kuorodheshwa kwa ajili ya kuteketezwa kwa kibali. Nakala ya hesabu hiyo, pamoja na kadirio jipya la watu waliofika kweli, iwasilishwe kwa mfamasia wa halmashauri kabla ya Agosti ili iingie kwenye maombi ya akiba ya msimu unaofuata.